Ni nani anayelipia utafiti wa maradhi yetu?

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kwahani aliniletea mtoto wa miaka miwili mwenye homa ya siku tatu. Tulipomaliza kumpima, muuguzi akamletea fomu ya ridhaa: kuna utafiti wa homa za watoto, na mtoto wake anafaa kuingizwa akikubali. Mama yule aliisoma fomu kurasa zote nne, jambo ambalo wachache hulifanya, kisha akaniuliza, "Daktari, hebu niambie, hawa nani anawalipa?"

Nikafungua ukurasa wa tatu. Fedha zinatoka Ulaya. Serikali yetu imetajwa mara moja tu, kama mwenyeji. Nikamwambia hivyo hivyo. Akamfunga mtoto kanga mgongoni, akaniuliza la pili: "Kwani sisi hatuna fedha za kuyajua maradhi yetu wenyewe?"

Foleni ilikuwa imefika hadi nje na sikumjibu vizuri. Nimelifikiria swali lake wiki nzima, kwa hiyo leo naomba radhi kwa wasomaji waliokuwa wakisubiri sehemu ya pili ya makala ya pumu. Itakuja.

Ahadi kwanza, maana zipo nyingi. Januari 2007 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa wakahimizana kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya Pato la Taifa kwa utafiti na maendeleo. Mwaka 2008, katika mikutano ya Algiers na Bamako, ikasemwa tena kwa upande wetu sisi wa afya: angalau asilimia 2 ya fedha za afya ziende kwenye utafiti. Kabla ya hapo, Abuja 2001, kulikuwa na ile ahadi maarufu zaidi ya asilimia 15 ya bajeti ya serikali kwa afya, ambayo kila mwaka wakati wa bajeti huikumbuka mtu mmoja kisha ikanyamaziwa.

Tanzania imefika wapi? Umoja wa Afrika ulitoa ripoti yake ya kwanza ya takwimu za sayansi mwaka 2010. Humo Tanzania ilionekana kutumia asilimia 0.48 ya Pato la Taifa kwa utafiti na maendeleo, sawa na Kenya. Kwa lugha ya sokoni, katika kila shilingi 1,000 zinazozalishwa nchini, hazifiki shilingi 5 zinazoenda kutafuta jambo tusilolijua. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zikaiweka nchi karibu na asilimia 0.5, yaani pale pale. Korea Kusini inatumia zaidi ya asilimia 4. Na katika hizo shilingi 5 zetu, zaidi ya theluthi moja zilitoka nje ya nchi.

Lakini nisikuruhusu, msomaji, kuziamini takwimu hizi kama unavyoamini kipimo cha damu. Katika ripoti ile ya 2010 nchi tatu tu ndizo zilizovuka asilimia 1, na ya kwanza ilikuwa Malawi, ikaipita hata Afrika Kusini. Mimi naitakia Malawi kheri, ila matokeo ya namna hiyo yangenitokea maabara ningeomba sampuli irudiwe.

Shida iko kwenye namna ya kuhesabu. Duniani kote hesabu hii hufuata mwongozo ulioandikwa mwaka 1963 katika mji wa Frascati, Italia, na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Mwongozo unasema utafiti ni kazi yenye utaratibu inayotafuta maarifa mapya, ambayo anayeifanya hana hakika ataishia wapi. Kumpima mtoto wako malaria leo si utafiti, ni huduma. Kujaribu kama kipimo kipya kinaona vimelea ambavyo cha zamani hakivioni, huo ni utafiti. Chanjo inayotolewa kliniki ni huduma, na kulinganisha dozi moja na dozi mbili ni utafiti. Kwenye karatasi mpaka ni huo. Hospitalini muuguzi ni yule yule, jokofu ni lile lile, na umeme unalipwa kwa bili moja.

Miaka ya nyuma, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, niliwahi kupewa dodoso la hesabu hiyo nilijaze kwa niaba ya idara. Liliuliza watu wangapi wanafanya utafiti, kwa sehemu gani ya muda wao, mishahara yao ni kiasi gani, vifaa vya bei gani vimenunuliwa, na fedha zimetoka kwa nani: serikali, chuo, kampuni, mashirika au nje. Maswali mazuri. Nikaandika kwamba mimi hutumia kama nusu siku kwa wiki. Mkubwa wangu akaniambia niandike nusu ya muda wote, "ili idara isionekane haifanyi kitu." Karibu na mwisho ilikuwapo sehemu ya fedha zilizotolewa na serikali. Tulikuwa na kitabu cha bajeti chenye fedha zilizoidhinishwa. Zilizoingia kweli hakuna aliyezijua, na mhasibu alikuwa safarini. Tukaandika zilizoidhinishwa.

Nililiandika, nakiri. Dodoso kama hilo likijazwa hivyo katika ofisi ishirini, taifa linapata asilimia yake yenye nukta na tarakimu mbili.

Kosa linakwenda upande wa pili pia. Utafiti ule wa homa za watoto ni wa Ulaya kwa mujibu wa fomu. Lakini muuguzi aliyeileta fomu analipwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, chumba ni cha serikali, na mimi niliyekatiza kazi kumfafanulia mama yule nalipwa na walipa kodi wa Kwahani na Makunduchi. Hayo hayaandikwi popote. Kwa hiyo tunajidai kwa fedha ambazo pengine hatukuzitoa, na tunajinyima sifa ya fedha tulizotoa.

Sisi wa Visiwani tuna tatizo la ziada. Afya si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na bajeti yake. Lakini utafiti umo katika orodha ya Mambo ya Muungano, pamoja na elimu ya juu. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na ni chombo cha Muungano. Hapa kwetu tuna Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHRI, ambayo kamati yake ya maadili ndiyo inayopitia utafiti wa afya kabla haujaanza. Sasa utafiti wa afya wa Zanzibar uhesabiwe wapi? Asilimia ya taifa ikitangazwa, mzazi wa Unguja hawezi kujua ndani yake ni kiasi gani kilichotumika kisiwani mwake. Kwa maoni yangu huo ndio upungufu mkubwa kuliko udogo wa asilimia yenyewe. Kidogo kinachoonekana kinaweza kudaiwa kiongezwe.

Utaniuliza, hayo yananihusu nini mimi ninayetafuta dawa ya mwanangu? Nikupeleke Pemba.

Mwaka 2002 lilianza kule jaribio kubwa la kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na folik asidi kila siku. Liliendeshwa na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Pemba pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Watoto wetu wengi wana upungufu wa damu, chuma hujenga damu, na mashirika ya dunia yalikuwa yakishauri watoto wa nchi kama zetu wapewe. Ilionekana kama kuthibitisha tu jambo linalojulikana. Watoto kama 24,000 waliingizwa, wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka mitatu hivi. Baadhi walipata chuma, baadhi vidonge vitupu visivyo na dawa, na wazazi hawakujua nani anapata nini.

Agosti 2003 upande wa chuma ulisimamishwa. Kamati ya usalama iliona kwamba watoto waliopewa chuma na folik asidi walikuwa wakifariki au kulazwa zaidi kuliko waliopewa vidonge vitupu, kwa asilimia 12. Pemba wakati huo ilikuwa na malaria nyingi mno, na vimelea vya malaria navyo huhitaji chuma. Jaribio la aina hiyo hiyo lilifanywa Nepal, mahali pasipo malaria, na madhara hayo hayakuonekana. Kumbe kilichokuwa salama kwenye mabonde ya Nepal hakikuwa salama Chake Chake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake: penye malaria, chuma cha watoto kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Nilikuwa mwanafunzi wa udaktari wakati ule, na kitabu changu kilikuwa bado kinasema vyengine.

Niweke neno la kliniki hapa hapa kabla halijaniponyoka. Mtoto mwenye homa asinunuliwe dawa ya damu dukani kwa kukisia. Mleteni apimwe malaria na wingi wa damu. Katika jaribio lile, kwenye kundi dogo lililopimwa damu kwanza, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika nacho, kwa hiyo mtoto wako akiandikiwa na daktari baada ya kipimo, mpe na amalize. Na wewe mama mjamzito, haya hayakuhusu. Vidonge vyako vya chuma usiviache.

Pemba ilirudi tena kwenye vitabu kwa kitovu cha mtoto mchanga. Majaribio ya Nepal na Bangladesh yalionyesha kwamba kupaka kitovu dawa ya klorheksidini kunaokoa maisha, na nchi nyingi zilikuwa tayari kuinunua. Pemba ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 36,000. Matokeo ya mwaka 2016 hayakuonyesha tofauti ya kutosha ya vifo kati ya waliopakwa na walioachwa kitovu kikavu na kisafi. Fikiria serikali ingenunua dawa hiyo kwa kila mtoto kila mwaka kwa kuamini tu matokeo ya Bangladesh.

La tatu ni letu sote. Wenye umri wangu mnaikumbuka klorokwini na muwasho wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilipopimwa hapa Zanzibar, ilishindwa kutibu zaidi ya nusu ya wagonjwa. Yaani mzazi alitoka hospitali na vidonge, akavitoa kwa wakati wote, na kwa zaidi ya nusu ya watoto ilikuwa sawa na kuwapa kitu kisichofika. Kwa sababu ya kipimo hicho Zanzibar iliamua kubadilisha, na Septemba 2003 ikaanza kutoa dawa mseto bila malipo, miaka mitatu kabla ya Tanzania Bara kufika huko. Programu yetu ya malaria na watafiti wa Taasisi ya Karolinska ya Sweden wakafuatilia Wilaya ya Kaskazini A. Kati ya 2002 na 2005 vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua kwa asilimia 52, na waliolazwa kwa malaria kwa asilimia 77. Vyandarua vilisaidia pia mwishoni mwa kipindi hicho, lakini wodi zilianza kupungua watoto kabla yake.

Sasa rudi kwenye swali la mama wa Kwahani, kwa sababu yote matatu yalitegemea sana fedha na wataalamu kutoka nje. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Watoto walioishi wameishi. Ninachosema ni kwamba anayelipa ndiye anayechagua swali. Malaria, minyoo na kichocho vimepata wafadhili, na tumefaidika. Lakini wanaojaa kliniki yangu siku hizi ni wa presha na sukari, na wengine wanafika figo zikiwa zimekwisha wakiwa na miaka arubaini. Kwa nini hapa mapema hivi? Ni chumvi, ni maji ya visima, ni dawa za maumivu wanazozinunua bila cheti, ni urithi? Nina dhana zangu, na dhana za daktari mmoja si jibu. Wasichana wa skuli wanaokuja na viganja vyeupe kama karatasi, ni chuma, ni minyoo, ni hedhi nyingi isiyosemwa nyumbani? Antibayotiki zipi bado zinafanya kazi kwenye mkojo wa wanawake wa Unguja? Maswali haya hayana mtu Ulaya anayekosa usingizi kwa ajili yake, na si kosa lake.

Wala si lazima yawe ya mabilioni. Pale Mnazi Mmoja, kwa ushirikiano na Wadenmark, wakunga na madaktari walitengenezewa mwongozo mfupi wa kumfuatilia mama aliye katika uchungu, ulioandikwa kulingana na hali halisi ya wodi yetu, mkunga mmoja na wajawazito wengi. Wakafanya mafunzo mafupi ya mara kwa mara, na wakahesabu kabla na baada. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila uzazi 1,000. Hakukununuliwa mashine kubwa yoyote. Kilichogharimu ni muda wa watu waliokaa wakahesabu.

Na fedha za nje zenyewe tumeona mwisho wake unavyokuja. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huo shirika la USAID likafungwa rasmi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tatu za mwanzo kuingizwa katika mpango wa Rais wa Marekani dhidi ya malaria mwaka 2005, na kupitia mpango huo Zanzibar ilisaidiwa kupuliza dawa majumbani na kumfuata kila mgonjwa mpaka nyumbani kwake kujua maambukizi yametoka wapi. Ufuatiliaji huo ndio unaotuambia malaria iko chini kweli au tumeacha tu kuitazama. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka hapa Unguja, na tulijua kwa sababu palikuwa na watu wanaohesabu.

Wapo wenzangu wasiokubaliana nami, na hoja yao si ndogo. Daktari mmoja ninayemheshimu aliniambia, "Wewe unataka fedha za utafiti, mimi jana nimekosa kemikali za kupimia figo." Ni kweli, na ningekuwa mzazi wa mgonjwa wake ningesimama upande wake. Serikali imejenga hospitali za wilaya na ile ya mkoa Lumumba. Jengo mwananchi analiona akipita na daladala, utafiti haonyeshwi. Lakini namkumbusha klorokwini. Fedha za dawa zilitoka, vidonge vilifika, na wodi zikaendelea kujaa. Kununua bila kupima nako ni matumizi, tena makubwa, ila hayaandikwi kwenye safu ya hasara.

Wawakilishi wetu hukaa Chukwani kila mwaka kupitisha bajeti kabla ya Julai. Ukimkuta wako jimboni, usimuulize kama anaunga mkono utafiti, atasema anaunga. Muulize katika fedha za Wizara ya Afya ni shilingi ngapi zilizotengwa kwa utafiti mwaka uliopita, ngapi zilitoka kweli, na zilijibu swali gani. Akikwambia atafuatilia, muulize tena baada ya mwezi.

Ukiletewa fomu ya ridhaa kliniki, fanya kama mama yule. Isome, au somewa kwa Kiswahili unachokifahamu. Una haki ya kukataa, na mtoto wako atatibiwa vile vile. Uliza nani analipa, kamati ya maadili imepitisha lini, mtoto akipata madhara nani atamtibu, na utafiti ukiisha dawa itaendelea kupatikana au itaondoka na watafiti. Dai nakala yako ubaki nayo. Kukubali si ujinga na kukataa si ukaidi. Nimeona wazazi wanaokataa kwa khofu ya uvumi tu, na watoto wa Pemba wa 2002 ndio waliowafaa watoto wa dunia nzima.

Mama wa Kwahani aliichukua fomu akamwonyeshe baba mtoto. Alirudi Alkhamisi, homa imeisha, fomu imetiwa saini. Kwenye nafasi ya maoni, ambayo sijawahi kuona mtu akiijaza, alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "Majibu mtatuletea huku huku Kwahani, au tutayasikia redioni?" Nimeipeleka kwa watafiti. Nasubiri.